Siku Tano za Ugeni wa Shangazi

Shangazi yangu alifua mashuka ya hoteli ya ufukweni kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kulalia hata moja. Mumewe, ambaye mji mzima unamwita Bwana Tazameni, aliongoza watalii katika mitaa ya zamani kwa karibu muda huo huo. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua: kila baada ya hatua kumi huinua fimbo yake na kusema, "Tazameni!" Wageni hutazama. Siku ya tatu huingizwa garini na kupelekwa baharini, maana ndivyo kifurushi cha utalii kilivyo: siku mbili za mji na historia, siku tatu za ufukwe na raha. Kwa hiyo miguu iliyochoshwa na mume ilikwenda kunyooshwa juu ya shuka la mke. Walikuwa kama watu wawili waliobeba kabati moja maisha yao yote, mmoja mbele na mmoja nyuma, bila kuonana nyuso.

Shangazi alipofika umri wa kustaafu, meneja wa hoteli hakumpa saa ya ukutani kama wengine. Alimpa bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa na kifurushi chenyewe, cha watu wawili, mji na bahari. Ya pili ilikuwa barua ya kumwomba abaki mwaka mmoja zaidi awafundishe wapya. Jibu lilitakiwa siku ya tano, wakati wa kurudisha ufunguo wa chumba.

Bwana Tazameni aliipenda bahasha ya kwanza na kuichukia ya pili. Alitaka mkewe nyumbani.

"Siku tano tu," aliniambia, amenivutia kiti karibu kama mtu anayepanga vita. "Nikimwonjesha raha siku tano, mwanangu, hiyo barua ataifungia karanga."

Mimi nilikuwa na shaka. Shangazi ni mtu ambaye akija kukupa pole, ukimtafuta unamkuta uani anasuuza vikombe.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa wote wawili, kila mmoja akimshitaki mwenzake.

Ofisi ya watalii hugawa wageni kwa zamu, na zamu ya wiki ile ilikuwa ya Bwana Tazameni mwenyewe. Mtu mwingine angeomba abadilishiwe. Yeye alivaa kitambulisho chake shingoni, akamngoja mkewe nje ya mlango wa nyumba yao saa tatu kamili, akamwambia, "Karibu sana katika mji wetu, mama. Naitwa... nani... nitakuwa kiongozi wako."

"Naitwa nani ndiyo jina gani?" Shangazi akauliza. "Na sufuria umeiacha motoni?"

Walizunguka. Alimwonyesha milango ya kuchonga na umri wake, ngazi zilizolika kwa nyayo, roshani ambapo mfanyabiashara fulani alisimama akitazama mvua. Kwenye nyumba ile kubwa ambayo ndiyo fahari ya ziara yake, Shangazi aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Kiongozi, nina swali."

"Uliza, mama."

"Huyu bwana mwenye nyumba, unasema alivaa kanzu nyeupe kila siku."

"Kila siku. Nyeupe pee."

"Nani alimfulia?"

Bwana Tazameni alitazama fimbo yake. "Historia haisemi."

"Miaka mia mbili ya watu wenye nguo nyeupe, na hakuna aliyefua. Hongereni." Akachungulia uani. "Na lile hodhi la mawe?"

"La kunyweshea punda. Tuendelee, mama, tuna ratiba."

Siku ya tatu gari liliwachukua. Pale mapokezi, binti wa hoteli aliyemzoea Shangazi kwa kumwona akipita mlango wa nyuma alichanganyikiwa, akampa kinywaji na kitambaa baridi cha kujifutia uso. Shangazi alikinusa.

"Hakikusuuzwa vizuri."

"Uliniahidi hutafanya kazi," mumewe akanong'ona.

"Nimenusa tu. Mgeni hanusi?"

Nisimsingizie, alijitahidi. Jioni ya kwanza alilala kwenye kiti kirefu, kofia usoni, mikono tumboni, kama mtu anayengoja daktari. Lakini alfajiri mwili ulimsaliti. Alivua mashuka kitandani, akayafunga furushi kwa fundo lake la siku zote, akaliweka mlangoni. Mwanamke wa kusafisha vyumba alipolikuta aliweka mikono kichwani: "Mama, utanifukuzisha kazi! Watasema nimekufanyisha kazi yangu!"

Bwana Tazameni naye hakuwa na la kucheka. Siku ya nne alisimama kando ya bwawa la kuogelea, akawaambia wageni wawili kwamba maji yale yanachujwa na mtambo ulio nyuma ya ukuta. Kisha akawaonyesha ukuta. Kisha akaona mti wenye umri wa kusimuliwa. Hadi saa tano alikuwa na watu tisa wenye nguo za kuogelea wakimfuata bustanini, na fimbo yake ilikuwa mwavuli wa hoteli.

Aliporudi, kiti cha mkewe kilikuwa na kofia peke yake.

Alimtafuta chumbani, akamtafuta ufukweni. Mtunza bustani ndiye aliyemwelekeza kwa kidevu kwenye mlango wa bati nyuma ya miti ya maua. Alishuka ngazi. Joto lilimpiga usoni kama sufuria iliyofunuliwa. Katikati ya mvuke, amekaa juu ya kikapu kilichopinduliwa, joho jeupe la kuogea mwilini na glasi ya juisi mkononi, alikuwepo Shangazi, akiwaelekeza wanawake wanne jinsi ya kukunja shuka lenye mpira.

"Haya ndiyo mapumziko?" mumewe akafoka. "Watu wanalipa kukaa juu, wewe unashuka chini bure?"

Wale wanawake wakainamia kazi zao ghafla. Shangazi aliweka glasi chini.

"Tazama," alisema.

Mumewe akageuka kumtazama, maana hilo neno lilikuwa lake.

Akampitisha, mashine moja baada ya nyingine. Hapa panakuja mashuka ya mvinyo, hapa ya mafuta ya jua, ambayo maji ya moto peke yake hayayawezi. Hili shuka la wapya wa ndoa. Hili la mtu aliyelia. Ukikaa sana unayajua. Ule mstari sakafuni ni nyayo zangu, kutoka kwenye mapipa hadi meza ya kukunjia, saruji imelika kama ngazi zako za mjini. Na hii ndiyo mashine kubwa ya pasi. Akavuta mkono wa joho, akaweka kovu la mkono wake karibu na ukingo wa chuma. Vikalingana.

"Si ulisema ni jiko lililokuunguza?" mumewe akauliza polepole.

"Wewe ndiye uliyesema jiko. Mimi nilikuwa na usingizi, nikakubali."

Mtu aliyejua umri wa kila mlango mjini hakujua umri wa kovu hilo. Ninapofikiria ndoa, hata yangu, hufikiria ukingo ule wa chuma. Tunalala miaka kando ya mlango mmoja, hatuulizi ulichongwa wapi.

Bwana Tazameni alisimama hapo mpaka shati likamganda mgongoni. Mwishowe akasema, "Kama unataka kubaki huo mwaka, baki. Mimi nitajipikia."

"Utatuua," Shangazi akamjibu, na wale wanawake hawakuweza tena kujizuia, wakacheka.

Siku ya tano Shangazi alirudisha ufunguo pamoja na jibu, nyuma ya karatasi ya hoteli: Ahsante, nimechoka. Nilipomuuliza kwa nini, wakati kila mtu alikuwa na hakika atabaki, aliendelea kukunja nguo zangu, ambazo sikumwomba azikunje.

"Ningeondokaje mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja wa kwetu aliyepaona? Sasa pameonwa. Lete mkono wa pili wa hili shati."

Mwezi uliopita niliifuata ziara ya Bwana Tazameni. Shangazi alikuja pia, anasema kwa ajili ya mazoezi ya miguu. Kwenye nyumba kubwa, mumewe hakuanza na roshani. Aliwapeleka wageni uani, akainua fimbo juu ya hodhi la mawe.

"Tazameni! Hapa ndipo kanzu za mwenye nyumba zilipofuliwa."

"Si la punda hilo?" nikanong'ona.

"La punda," Shangazi akajibu, kwa sauti ambayo kila mgeni aliisikia. "Kina chote hicho, ukifulia hapo mgongo unavunjika kabla ya kanzu ya pili. Mfuaji alikaa pale, kivulini, karibu na mfereji."

Wageni wote wakamgeukia. Bwana Tazameni alishusha fimbo, akaitazama kidogo, kisha akampa mkewe.