Mtaa Ambao Watoto Wamekatazwa Kukimbia

Saa moja asubuhi, mwalimu Nurdine wa madrasa anafunga pindo la kanzu kiunoni, anavua kofia na kumkabidhi jirani yake, kisha anaruka kwa mguu mmoja. Mara ya kwanza anatua salama. Mara ya pili anayumba. Mara ya tatu anatua kwa kishindo, magoti yamenyooka kama nguzo, na wenzake kumi na mmoja wanacheka mpaka machozi.

"Mwalimu, kunja goti," anaambiwa na Alzira, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni asiyoipuliza. "Ukitua hivyo, na watoto watatua hivyo hivyo. Watakuiga wewe, hawataniiga mimi."

Hapa ni nyuma ya darasa lisilo na paa, mtaa wa Kibaoni, kandoni mwa ghuba ya Tungue, wilayani Palma. Hawa kumi na wawili ni viongozi wa jamii: walimu wa madrasa, makatekista, wakuu wa vikundi vya ngoma vya akina mama, na mzee wa wavuvi ambaye goti lake moja limegoma tangu mwaka juzi. Kila Jumamosi Alzira, mwenye umri wa miaka 46, anawafundisha namna ya kuwafundisha watoto kuruka, kurusha, kudaka, kusimama kwa mguu mmoja na kupiga mbio.

Watoto wenyewe wapo. Wamekaa kitako kando ya ukuta, safu mbili, mikono magotini, wanawatazama wazee wao wakicheza. Hawaruhusiwi kuinuka. Kwa barua yenye mhuri, watoto wa mtaa huu wamekatazwa kukimbia.

Msomaji asidhani amesoma vibaya. Ndivyo ilivyoandikwa, na Alzira anatembea na nakala yake ndani ya mfuko wa plastiki, maana amechoka kuambiwa anatia chumvi.

Alizaliwa bara, upande wa Mueda, akasomesha mazoezi ya viungo katika shule za msingi kwa miaka kumi na tisa. Vita vilimkuta Palma mwaka 2021. Alitoka na wanawe watatu, akahama mara nne, akaishi miaka miwili kambini, chini ya turubai. Aliporudi alikuta shule yake ni kuta tu. Leo shirika dogo linamlipa posho ya metikali 6,000 kwa mwezi, ambayo anasema inatosha unga na sabuni, mboga ajitafutie.

Kambini ndiko alikogundua ubaya ambao hakuna aliyeuhesabu. Watoto walifundishwa jambo moja tu, kutulia. Walitulia kwenye foleni ya maji, wakatulia kwenye foleni ya chakula, na usiku waliambiwa wasikohoe. Mtoto aliyesifiwa ni yule asiyeonekana.

"Siku moja nikamrushia mtoto mpira wa matambara, taratibu tu," anasimulia. "Hakuudaka. Alijifunika kichwa."

Aprili mwaka huu aliwapima watoto 63 wa Kibaoni, wenye miaka sita hadi tisa. Thelathini na wanane hawakuweza kuruka kwa mguu mmoja mara tano mfululizo. Si vilema, si wagonjwa. Hawajawahi kuachiwa nafasi ya kujaribu. Alzira anasema mtoto anayefika miaka kumi bila kujua kuruka na kudaka ni sawa na aliyefika umri huo bila kujua kusoma, tofauti ni kwamba kwa huyu wa kwanza hakuna anayeona aibu.

Peke yake hawezi kuwafikia wote, na akiondoka kazi itakufa. Ndiyo maana akaamua kuwafundisha watu ambao mtaa unawasikiliza. Kazi ikaenda vizuri hadi Alhamisi moja ya Agosti.

Siku hiyo viongozi walikuwa wanajaribu kufundisha kwa mara ya kwanza. Watoto arobaini walipangwa mstari kiwanjani. Alzira alipuliza filimbi, na mwalimu Nurdine, kwa sauti ile ile anayowaamshia wanafunzi wa alfajiri, akapaza: "Kimbieni!"

Wakakimbia. Bahati mbaya mstari wa mwisho ulikuwa umechorwa upande wa soko.

Soko likaona watoto arobaini wanakuja mbio, midomo wazi, na nyuma yao sauti ya mtu mzima inasema kimbieni. Nani angesubiri kuuliza? Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akina mama waliacha mabeseni ya samaki, mshona nguo akaacha cherehani, watu wakaingia mikokoni na kukaa humo mpaka jua likazama. Bibi mmoja alianguka akavunjika mkono. Kesho yake familia mbili zilikutwa njiani kwenda Namoto, magodoro kichwani, zinataka kuvuka mto wa mpakani.

Alzira hajitetei. Alimpelekea yule bibi ndizi na dawa, akamwomba radhi mbele ya wanawe, na kwa wiki nzima hakula akashiba. "Mstari niliuchora mimi. Na lile neno ni langu, niliwafundisha mimi. Kwetu kukimbia ni mbio, na kukimbia ni kuhama roho mkononi. Nilisahau watu wangu wamelijuaje."

Lakini Jumatatu ikaja barua. Ofisi moja ya wilaya, ambayo haikutuma mtu hata mmoja kumtazama bibi aliyevunjika, iliandika kwamba watoto wa Kibaoni ni marufuku kukimbia hadharani "kwa ajili ya utulivu wa wananchi". Haikusema mpaka lini.

Hapo ndipo damu ya Alzira ilipochemka, na mwandishi huyu haoni kwa nini isichemke. Kila asubuhi askari hupita barabara hiyo hiyo wakipiga mbio kwa buti, wakiimba kwa sauti ya kutikisa mabati, na hakuna aliyewaandikia barua. Malori hupita kwa kasi mpaka kuku wamejifunza kuvuka mapema. Mwizi akikimbia, mtaa mzima unakimbia naye. Katika viumbe wote wa Kibaoni, aliyeonekana kuvuruga utulivu ni mtoto wa miaka saba asiyejua hata kukunja goti.

Alipokwenda ofisini kulalamika, afisa mmoja aliyehamishiwa huku kutoka kusini, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi, alimshauri awafundishe watoto bao. Alimwambia bao nalo ni mchezo, unanoa akili, na wanaocheza hukaa chini.

"Nikamwambia, bwana, mtoto wa miaka sita unampa bao? Mpe na mkongojo basi," anasema Alzira, na hacheki.

Afisa huyo, ambaye aliomba jina lake lisitajwe, aliliambia gazeti hili kuwa alikuwa na nia njema. Hatuna shaka nayo. Watoto wa pwani hii wamekalishwa chini na nia njema miaka mingi.

Viongozi hawakumwacha. Mama Belmira, mkuu wa kikundi cha ngoma na mjane wa vita, alisimama kwenye kikao cha mtaa akasema waliopona siku ya shambulio ni walioweza kukimbia, basi watoto wafundishwe, wasije wakafa. Wengi walidhani hoja imekwisha. Alzira ndiye aliyeikataa, ingawa ilikuwa inamsaidia.

"Mama, kukimbia huko wanakujua, wamefundishwa na bunduki," alimjibu. "Mimi nataka wajue mbio ambazo nyuma hakuna mtu."

Tangu siku hiyo wameondoa neno "kimbia" katika mafunzo. Wanasema "piga mbio". Filimbi nayo haipulizwi, badala yake mama Belmira anapiga ngoma, maana hakuna mtu wa Kibaoni aliyewahi kushambuliwa kwa ngoma ya harusi. Siku moja kabla ya mbio, msikiti na kanisa vitatangaza. Mstari wa mwisho utachorwa upande wa bahari. Yote haya waliyaandika na kuyapeleka ofisini, wakasubiri wiki sita.

Leo, saa tatu, jibu linafika. Linaletwa na katibu wa mtaa, Abdulcarimo, mzee makini anayeshuka kwenye baiskeli kabla haijasimama. Viongozi wanamzunguka. Watoto ukutani wananyoosha shingo. Katibu anasoma polepole kwamba ombi limezingatiwa, na kwamba watoto wanaruhusiwa kufanya mazoezi ya kutembea, "pamoja na kutembea kwa haraka". Mbio, hapana.

Mwalimu Nurdine anaweka kofia kichwani kama mtu anayekwenda zake. Alzira anaichukua barua, anaisoma mwenyewe, mara mbili.

Kisha anamwomba mama Belmira atembee kutoka darasani mpaka ukutani, na wote watazame miguu yake. Mguu mmoja haujaacha mchanga, mwingine umeshakanyaga. Anamwomba aongeze, aongeze tena, na ghafla mama Belmira, na miaka yake sitini, kwa nukta moja hana mguu chini.

"Hiyo ndiyo tofauti yote," anasema Alzira. "Anayetembea, mguu mmoja uko chini siku zote. Anayepiga mbio, kuna wakati yote miwili iko juu. Sekretario, soma tena. Wameandika miguu iwe wapi?"

Abdulcarimo anavaa miwani na kuipitia barua mpaka kwenye mhuri. Anasema yeye ni mtu wa kusoma kilichoandikwa, na neno miguu hajaliona. Anaikunja, anamrudishia, na kuuliza tangazo la msikitini litoke Ijumaa saa ngapi.

Basi Jumamosi ijayo watoto 63 watasimama kwenye mstari, na walimu wao watakuwa hawa kumi na wawili. Alzira atakaa pembeni, maana anataka mtaa uone kwamba kazi hii si ya mgeni wala ya shirika. Ameshawaeleza la kusema.

"Watawaambia tembeeni haraka. Haraka zaidi. Haraka zaidi, mpaka ardhi iwaachie," anasema. "Na anayetaka kunishitaki aje na rula, apime hewa iliyo chini ya miguu ya watoto."