Mikeke Mibichi ya Kupeleka Fizi

Ku Fizi nilipanda mara mingi zamani, kwa miguu, na mizigo ku kichwa. Muntu mwenye mizigo anaangalia tu fasi anakanyaga. Kwa hiyo ile mulima sikuijua. Niliiona mwaka huu, nikiwa juu ya moto, ile pikipiki ya kukodi, na meno yameisha.

Bibi yangu, mama ya watoto wangu, ndiye alinituma. Dada yake mukubwa anakaa ku Fizi, na tangu mvua ilianza alikuwa mugonjwa, chakula haingii. Akasema mu telefone: "Mudogo yangu, roho inataka mukeke mubichi tu." Bibi akashuka asubuhi ku beach ya Baraka, akachagua mwenyewe mikeke, samaki za ziwa zenye kung'aa, akafunga mu majani ya ndizi, akanipa kikapo.

"Baba, usisimame fasi. Ufike jua haijakuwa kali."

Nikasema ndiyo. Ku masomo sikufika mbali, mwalimu alisema kichwa yangu iko kama kitunga, maji haikai. Tuache hiyo.

Tulipopanda, mi na mwenye moto, ku kona moja nikageuka. Ziwa yote iko chini, rasi ya Ubwari imelala mu maji kama mamba anayeota jua, na ukungu inapita chini ya miguu yetu. Chini! Mi nimezeeka ndani ya ile ziwa, sikujua kama iko na sura. Nikamwambia mwenye moto asimame.

"Muzee, na samaki?"

"Kidogo tu."

Mbele tena kulikuwa fasi maji inaanguka toka ku jiwe, mu pori ya miti mikubwa yenye ndevu. Nikanawa uso. Nikanunua mahindi ya kuchoma kwa mama mumoja, tukaongea habari ya mihogo ya Lubondja. Kikapo iko ku jua, juu ya kiti ya moto.

"Muzee, we umekuwa touriste!"

Tulifika jua iko juu ya kichwa. Binti ya shemeji akafungua majani, akageuza uso. Tumbo za samaki zilikuwa zimepasuka. Nikasema, "Tutupe." Shemeji akakatala, akiwa amelala ku kitanda. Kwetu, samaki yenye mudogo yako amekutumia haitupwi. Ukiitupa, ni yeye umetupa.

"Shemeji, hii samaki ilikuja kwa miguu?"

"Ilikuja na moto, mama."

"Basi ile moto ilikuwa inachechemea. Mupike na ndimu mingi."

Bote bakacheka. Akakula polepole, amefunga macho, kila tonge na maji. Nilitaka kusema ni mi nilisimama ku njia. Nikasema jua ilikuwa kali. Wakati napanda moto kurudi, nikamusikia anatapika nyuma ya nyumba.

Ku Baraka bibi alikuwa ananingoja ku mulango.

"Alikula?"

"Alikula."

"Yote?"

"Yote."

Akakaa chini, akafunika uso na kitenge, akalia kwa furaha. "Juma ijayo tunamutumia ingine. Na ni we utapeleka, bengine banachelewa ku njia."

Sikumuambia. Na anavyokuwa anafuta machozi, mi nilikuwa nawaza ile kona, ukungu chini ya miguu, kama siku hiyo itakuwa wazi tena. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi kuliko samaki.