Mbwa Wetu Yuko kwa Jirani

Haya niliyaona mwenyewe, nikiwa na akili timamu na tumbo lililoshiba, hapa hapa Machakos, upande huu wa vilima vya Iveti. Nakuambia mapema kwa sababu nawajua watu wasioamini. Mimi nilikuwa kiranja wao. Nilisoma falsafa chuo kikuu, nikaandika makala mengi ya kuwacheka wanaoogopa bundi, na wanaoogopa bundi walinialika chai wakanipigia makofi.

Tukiwa wadogo mama yangu alituonya tusiguse tongo za mbwa. Mbwa huwaona wafu, alisema, na ukijipaka tongo zake machoni utawaona na wewe. Kila Mkamba unayemjua aliambiwa hivyo. Mimi nilikua, nikaligeuza onyo hilo kuwa mzaha wa kufungulia mihadhara. Watu walicheka sana. Niamini, ulikuwa mzaha mzuri.

Mbwa wetu aliitwa Profesa. Jina alipewa na mke wangu, Mama Mutua, aliyesema kwamba nyumbani tayari kuna mmoja wa kula, kulala na kubisha kila kitu, basi wawe wawili. Alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na sikuwa na hoja ya kumpinga.

Kila tulipoenda likizo Profesa alibaki kwa jirani yetu, Mzee Musau, aliyeishi peke yake tangu afiwe na mkewe. Ua wetu wa miiba ya kayaba una pengo. Nilimpitisha mbwa hapo pamoja na mnyororo wake, na tuliporudi nilisimama pale pale kumpokea. Hatukwenda kumchukua mikono mitupu. Mzee alipenda korosho za pwani ingawa meno yalikuwa yamemkimbia. Alizimung'unya kama peremende. Profesa alirudi amenenepa kwa muthokoi wa mahindi na maharagwe, ananuka moshi, na kwa siku kadhaa alitudharau waziwazi.

Mwaka jana Mzee Musau alikufa. Tulimzika katika shamba lake, nyuma ya nyumba, na mimi mwenyewe nilitupa udongo. Watoto wake walifunga nyumba wakarudi Nairobi. Kwa hiyo Desemba ilipofika, na tukapata nyumba Kilifi ambayo mwenyewe hana shida na mbwa, tukaamua kwenda na Profesa.

Umewahi kumfungia mbwa mizigo? Mimi nilidhani mbwa husafiri na mkia wake tu. Mama Mutua alitoa blanketi lake, sufuria yake, gunia la kulalia, dawa ya viroboto, kadi ya chanjo, na mkebe wa matumbo yaliyochemshwa. Vyote vikaingia katika mfuko wangu mzuri. Mashati yangu yakahamia kwenye karatasi ya nailoni. Nilipolalamika, mke wangu aliniuliza kama mimi pia nimechanjwa.

Jioni hiyo, jua likiwa limeshaingia nyuma ya vilima, nilikuwa nikipanga mizigo nyuma ya gari. Profesa alikuwa na tabia mpya. Kila nilipoweka sufuria yake garini, aliitoa mfukoni kwa meno akaipeleka kwenye lile pengo la ua, akaketi na kutikisa mkia. Nikairudisha. Akaipeleka tena. Nikamkamata, nikamfunga mnyororo, na kwa vile macho yake yalikuwa yamejaa tongo nikayapangusa kwa leso yangu. Viti vya gari vilikuwa vimesafishwa, unaelewa. Kisha, kwa kuwa nilikuwa natiririka jasho, nikajipangusa uso kwa leso ile ile.

Macho yaliwasha kidogo. Nilipoyafungua, Mzee Musau alikuwa amesimama upande wa pili wa pengo, amevaa ile suti tuliyomzika nayo. Pamba za mochari zilikuwa bado puani.

Ungefanya nini? Mimi nilimsalimia. Nilikuwa nimefunzwa adabu kabla ya falsafa.

Hakujibu salamu. "Mwalimu," alisema, kwa sauti ya mtu mwenye mafua, "mko na safari na hamniambii."

Niambie, mtu aliyekufa unamwambiaje kwamba amekufa? Nikasema tulidhani amechoka.

"Kuchoka na nini? Kazi gani niko nayo?" Akatazama gari. "Hata blanketi yake umefunga. Ni nini, nilimnyima chakula?"

Nikasema la hasha, alimlisha vizuri sana. Nikamsifu muthokoi wake. Huku nikauvuta mnyororo karibu yangu.

Akaniambia hana ugomvi nami. Kama nataka kwenda na mbwa, niende naye. Ila huko aliko hakuna mtu wa kuongea naye, na peke yake hatakaa tena. Mama Mutua alikuwa akimletea uji alipokuwa mgonjwa. Ni mwanamke mwenye roho nzuri. Basi, yeye ndiye atakayekaa naye huko mpaka nirudi.

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeazima jembe. Na hapo hapo nikasikia mlango wa jikoni ukifunguka nyuma yangu.

"Baba Mutua," mke wangu aliita, "ni nani ananiita huko kwa ua?"

Alikuwa anakuja, kandambili zikipigapiga, mikono ikiwa bado na unga. Alitazama pale pale aliposimama mzee na hakumwona. Lakini alikuwa amesikia, na alikuwa anakuja moja kwa moja. Nikamwambia kwa ukali arudi, chapati zinaungua. Hakurudi. Alitembea kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake.

Nikampeleka mbwa kwenye pengo.

Profesa aliyekuwa akitikisa mkia jioni nzima alifika kwenye miiba, akanusa, akakwama. Alikita miguu yote minne chini. Kumbe kumsalimia mtu ng'ambo ya ua ni jambo moja na kwenda kukaa kwake ni jingine. Nilimsukuma kwa goti. Akanigeukia akaulamba mkono wangu, haraka haraka, kama anayeomba radhi kwa kosa asilolijua. Nikamsukuma tena. Mzee akapokea mnyororo.

"Mkirudi mje mumchukue," alisema, "kama kawaida."

Kandambili zikanyamaza. Mke wangu alisimama hatua chache nyuma yangu, akapangusa mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, akauliza mbwa yuko wapi.

Nikasema ametoka mbio kupitia kwenye pengo.

Kilifi hatukwenda. Tulimtafuta Profesa mpaka soko la Tala, tukabandika picha zake kwenye milingoti, tukawauliza watu wa bodaboda, nami nilitafuta kwa bidii kuliko wote, nikiita kwa sauti jina la mbwa ambaye nilijua alipo. Mke wangu hakuniruhusu kufungua mfuko wenye vitu vya mbwa. Mpaka leo uko mlangoni, na matumbo yaliyokuwa ndani yalinuka mpaka akayatoa mwenyewe akilia. Mara nyingi husema kwamba popote alipo mbwa yule, akipajua tu, atakwenda kumchukua kwa miguu yake.

Mimi huwaona wote wawili kila jioni. Mzee huketi kwenye kigoda chake karibu na pengo. Profesa amekonda. Huko hakuna muthokoi, naona. Hanibwekei. Hunitazama tu, kisha hutazama mlango wetu, akimsubiri mke wangu.

Ningeweza kwenda kumchukua. Najua njia, najua desturi. Sijaenda, na sababu yake wala haina falsafa.

Wiki iliyopita mke wangu alikusanya nguo za kufua. Kwenye mfuko wa suruali yangu ya safari, ambayo sikuigusa tangu jioni ile, alikuta leso, na juu yake manyoya ya Profesa. Nilimwona kupitia dirishani ameketi kwenye ngazi, ameuzika uso ndani ya leso ile, analia kama mtoto. Nilipofika kumnyang'anya alikuwa ameshayafuta machozi yote.

Jioni yake nilimkuta amevaa viatu vya kanisani. Mkononi alikuwa na pakiti ya korosho.

Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kwa Mzee Musau," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuiona mwezi mzima. "Anasema tumechelewa sana kumchukua."

Tangu siku hiyo nafunga mlango jua likizama, na ufunguo nalala nao kifuani. Yeye hukaa dirishani na korosho zake. Ananiambia nimtoe, anaitwa, si adabu. Ananiuliza kwa nini nilimpeleka mbwa wake, na kwa nini mbwa hutetemeka akinisikia nikikohoa. Ipo siku nitasinzia. Mimi ni binadamu, na yule mzee halali.

Kwa hiyo wewe unayefunga mizigo yako ya likizo leo na mbwa wako anazungukazunguka miguuni, sikiliza. Akikataa kuingia garini na kutazama mahali pasipo na mtu, usimsafishe macho. Mwache na uchafu wake. Na kama jirani aliyekuwa akikuwekea mbwa amekufa, nenda kaburini kwake ukamwambie kwa mdomo wako kwamba kazi imekwisha. Mimi sikumwambia. Nilidhani anajua.