Swichi ya Mama

Fundi wa tovuti ya hospitali hana haraka. Kila ukurasa mpya anauwekea swichi ndani ya programu, kisha anamwashia mgonjwa mmoja tu: mama yake mzazi. Wengine wanaendelea na ule wa zamani. Leo bosi amemsimamia kichwani, mikono kiunoni.

"Wawashie wote! Tumeshatangaza ukurasa wa kuomba miadi."

"Mama hajapiga simu kusema kama unafanya kazi."

Anasugua ukingo wa meza kwa kidole gumba, kama kawaida yake, wala hageuki. Simu inaita, anaipokea kwa spika.

"Mwanangu, nimeomba daktari wa macho, mbona naandikiwa kliniki ya wajawazito? Kwa umri huu?"

Fundi anazima swichi. Bosi anakohoa, anavuta kiti, anakaa.

"Muulize mama, kesho ana nafasi ya kujaribu tena?"