Boti ya Thora Ilipozama

Thora Whittle alizaliwa ndani ya boti ya mizigo, mferejini, katika chumba cha nyuma kisichozidi hatua nne kwa mbili, baba yake akiwa nje ameshika usukani kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa yakisubiriwa Manchester. Alipenda kuisimulia habari hiyo kila alipopata mgeni.

"Mama alinizaa kati ya lango la tatu na la nne," angesema. "Mkunga alipanda kwenye la tano, akakuta kazi imekwisha, akanywa chai akashuka."

Familia yao ilipakia makaa, chumvi na udongo wa vyombo, huku na huko kwenye mifereji na malango yake ya kupandishia na kushushia boti, bila nyumba nchi kavu. Kwa sababu hiyo hakusoma. Boti ikisimama siku mbili mahali, watoto walipelekwa shule ya pale, wakawekwa dawati la nyuma, na siku ya tatu walikuwa wameshaondoka. Akiwa na miaka ishirini na moja aliolewa na Horace, mfanyakazi wa reli, akahamia nyumba ya matofali mjini Nantwich. Akaishi humo miaka arobaini na mitatu.

Mimi nilimjua kwenye nyumba hiyo. Naitwa Alwyn Tranter, nilikuwa tarishi, na mtaa wao ulikuwa kwenye njia yangu. Siku ya kwanza alipopokea barua mkononi mwangu aliigeuzageuza, akasema, "Hebu nisomee, mwanangu, miwani sijui nimeiweka wapi." Nikamsomea. Wiki iliyofuata miwani ilikuwa imepotea tena. Ilipotea kwa miaka kumi na mmoja, na mimi sikuuliza hata siku moja. Nilisimama mlangoni pake mvua ikininyeshea, nikasoma habari za dada yake aliyeko Tipton, za daktari wa meno, za kadi za Krismasi. Horace alipofariki nilimsomea na salamu za rambirambi. Kisha akaiuza nyumba, akaondoka, nikawa simwoni tena.

Nilipofika miaka hamsini na sita magoti yangu yaligoma kutembeza barua, na mke wangu alikuwa ameshaenda kuishi na mtu mwingine. Nikafanya jambo ambalo binti yangu hadi leo analiita wazimu: nikanunua boti nyembamba ya kuishi niliyoiona kwenye picha. Mtu aliyeniuzia alinionyesha jinsi ya kuwasha injini, akanipa ufunguo, akaondoka. Siku ya tatu niligonga ukingo wa mfereji pale Audlem, nikaruka chini na kamba, nikaanza kuhangaika nayo. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Hiyo kamba umeifunga kama unafunga kifurushi, Tarishi."

Alikuwa amesimama mlangoni mwa boti ya kijani iliyoandikwa Primrose, mikono imejaa rangi. Alikuwa amezeeka na kupungua mwili, lakini uso wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyouzoea.

"Bi Thora! Kumbe uko huku?"

"Nimerudi kwetu. Nyumbani kule sakafu ilikuwa haitikisiki, nilikuwa silali. Sasa fungua hilo fundo lako kabla mtu hajaliona. Kamba moja ivutie mbele, nyingine nyuma, na uiachie nafasi kidogo. Boti ni kama mume, ukiibana sana itakusumbua usiku kucha."

Tangu siku hiyo akawa mwalimu wangu. Hakunifundisha kwa mpangilio. Alinifundisha alipoona kosa, na aliona mengi. Asubuhi moja alikuta madirisha yangu yamefungwa kabisa na maji yakitiririka kwa ndani, akaingia bila hodi na kuyafungua, nje kuna barafu. "Unapumua, unapika, unachemsha maji," alisema. "Yote hayo yaende wapi? Acha upenyo hata kukiwa na baridi, la sivyo godoro lako litaota ukungu. Na ule upenyo ulioziba kwa soksi karibu na jiko, hebu toa soksi. Jiko la makaa linataka hewa. Likikosa hewa linakuua umelala, wala husikii harufu." Alinipeleka dukani siku hiyohiyo tukanunua king'ora cha hewa ya sumu, akanisimamia nikakigongomea ukutani.

Ni yeye aliyeniambia nijaze tangi la dizeli kabla ya majira ya baridi, kwa sababu tangi lenye nafasi tupu hufanya umande na maji huishia kwenye injini. Ni yeye aliyenisukuma, mwaka wa pili, tukatoe boti zetu majini zipigwe brashi na kupakwa lami upya chini, tukiwa tumelala chali kwenye tope, lami ikitudondokea nyusoni, naye ana miaka sabini na minne.

Lakini jambo alilolisisitiza kuliko yote lilikuwa grisi. Nyuma ya boti, mahali ambapo chuma kirefu cha injini kinatoka nje kuzungusha rafadha, yale mapanga yanayoisukuma boti, lazima kuwe na tundu, na tundu lolote majini linataka kuingiza maji. Pana kikombe cha shaba kilichojaa grisi, chenye mpini juu yake. Unauzungusha mpini kidogo, grisi inasukumwa ndani, maji yanakoma. Matone machache yatapita tu, na kwa hayo kuna pampu ndogo ya umeme kwenye tumbo la boti, ya kuyatupa nje.

"Mkono mmoja tu watosha," alisema Thora. "Kila jioni. Hata kama hujasafiri. Zungusha mpaka usikie inakataa, halafu acha. Ni kama kumtakia mtu usiku mwema."

Januari ya mwaka wa nne aliteleza kwenye barafu akienda kuchota maji, akavunjika nyonga. Nilimkuta ameketi kwenye njia, ndoo kando yake, anajitukana. Wakati anapakiwa kwenye gari la wagonjwa alinishika mkono.

"Primrose," alisema.

"Nitaiangalia, Bi Thora."

"Grisi. Na ile swichi kubwa nyekundu usiiguse. Pampu yangu ni ya zamani, umeme wake unapitia hapohapo."

"Nimesikia."

Na nilisikia kweli. Majuma matatu nilikwenda kila jioni nikazungusha mpini. Kisha binti yangu akanipigia simu kwamba amejifungua mapema, nije. Kwa haraka ya kuondoka niliingia Primrose nikazungusha grisi, na kwa wema wangu wa kijinga nikafikiri: siku tano hakuna mtu humu, kwa nini betri ziishe bure? Nikazima swichi nyekundu. Nasema niliizima kwa mkono huu. Nilikuwa nawaza mjukuu.

Mvua ilinyesha siku zote tano. Majani yalikuwa yameziba vile vitundu vya kutoa maji ya sitaha ya nyuma, na hilo nalo sikuliangalia. Matone kwa chini, mvua kwa juu, pampu imelala. Nyuma ya boti ikazidi kushuka, kidogo kidogo, hadi siku tundu la moshi wa injini lilipogusana na uso wa mfereji. Kuanzia hapo maji yakaingia yenyewe, haikuhitaji siku nyingine. Nilirudi Jumatano asubuhi na picha za mtoto kwenye simu, nikakuta watu wamesimama kwenye njia. Primrose ilikuwa imekaa chini kabisa, maji yamefika kwenye madirisha, na mto wa kiti chake ulikuwa ukielea nje ya mlango.

Mfereji wetu si wa kina. Boti haipotei. Inakaa palepale ikikutazama.

Nilipanda basi kwenda hospitali. Nilikuwa nimepanga maneno, na nilipomwona ameketi kitandani amechana nywele yote yakanitoka.

"Mtoto wa kike au wa kiume?" aliuliza.

"Wa kike. Bi Thora, Primrose imezama."

Alinitazama. Kwenye kitanda cha jirani mama mmoja aliacha kutafuna biskuti.

"Imekaa wima au imelala ubavu?"

"Wima."

"Maji yamefika wapi?"

"Madirishani."

"Ulizima swichi."

"Nilizima."

Alifumba macho. Machozi yalimtoka bila sauti, mengi, na mimi nilikaa na kofia mapajani nisijue pa kutazama. Mwishowe akajipangusa kwa shuka.

"Nilipokuwa na miaka tisa baba alizamisha yetu," alisema. "Kwenye lango, maji yakipunguzwa tushuke. Hakutazama nyuma, matako ya boti yakanasa juu ya kizingiti cha lango, mbele ikashuka na maji. Makaa yote, nguo zetu, sahani za mama zenye maua. Hakufa mtu. Na mama hakusema neno. Unanisikia? Miaka kumi na mmoja hakutaja boti ile. Alimpikia, alimfulia, akanyamaza. Baba alizeeka kwa ule ukimya, nilimwona kwa macho yangu." Akavuta pumzi. "Mimi sitakufanyia hivyo. Nitakutukana sasa hivi, nitakutukana vizuri, halafu basi. Kaa sawa."

Akanitukana. Sijapata kutukanwa namna ile tangu nizaliwe. Alinitukana kwa lugha ya watu wa boti za makaa, nusu yake sikuielewa. "Miaka thelathini umetumbukiza barua za watu milangoni, swichi moja imekushinda! Kichwa hicho unakitumia kushikilia kofia tu? Kondoo ana akili, kondoo akiona maji anatoka!" Muuguzi alikuja kuona kuna nini. Thora akamwambia, "Subiri, binti, bado kidogo," akaendelea. Mama wa kitanda cha jirani alikuwa anacheka mpaka makombo yanaruka.

Kisha akaninyooshea mkono wenye bomba la dawa, nikaushika.

"Basi," alisema. "Imekwisha. Una kalamu?"

Niliandika nyuma ya karatasi ya maelezo ya chakula cha wagonjwa. Tusianze kuvuta maji kabla ya kuziba matundu yote, kwa vigingi vya mbao na turubai. Tutumie pampu tatu pamoja, maana moja haitashinda yanayoingia. Boti ikishainuka, siku hiyohiyo oili yote ya injini imwagwe, iwekwe mpya, injini iwashwe kidogo, imwagwe tena, mpaka itoke bila rangi ya maziwa inayoletwa na maji. "Ukilala kabla ya kufanya hilo, injini imekufa. Mbao za sakafu zing'olewe zote, hata zile zinazoonekana kavu. Godoro tupa. Picha za Horace usizikaushe juani, zitashikana. Zisuuze kwa maji safi, moja moja, uzianike kwenye kamba."

Watu wa mfereji walikuja bila kuitwa. Tulikuwa boti saba pale, na kila moja ilileta kitu: pampu, bomba, supu ya dengu. Mtu mmoja alivaa suti ya mpira akaingia kwenye maji ya Februari kuziba tundu la moshi. Saa sita mchana Primrose ilitikisika, ikatoa sauti kama mtu anayenyanyuka kitini, ikaanza kupanda. Nilibadilisha oili mara nne. Injini iliwaka vizuri mara ya nne, moshi mweupe, halafu wa kijivu, halafu hapakuwa na moshi. Nilikaa kwenye ngazi nikalia mwenyewe.

Majuma saba nilikausha boti ile. Niliwasha jiko lake asubuhi na jioni na kulala kwenye yangu. Picha za Horace zilining'inia kwenye kamba kutoka mlango hadi mlango, na nilizoea kumsabahi nikipita.

Thora alitoka hospitali mwishoni mwa Machi na fimbo. Binti wa dada yake alikuwa amempatia chumba katika nyumba ya wazee, chenye dirisha la bustani, na watu wengi wa busara walisema aende. Alikaa juma moja. Siku ya nane alishuka kwenye teksi pale darajani, akaniambia, "Kule wananikatia nyama." Aliingia Primrose peke yake. Nilibaki njiani. Nilisikia fimbo ikigonga mbao mpya za sakafu, polepole, hadi mwisho na kurudi.

"Rangi ya kabati siyo," alisema kutoka ndani.

"Nitaibadilisha."

"Iache. Hiyo nayo ni nzuri."

Hatukuwahi kukubaliana jambo lolote, lakini nilisogeza boti yangu nikaifunga ubavuni mwa yake. Ikawa mimi nabeba makaa, mitungi ya gesi na kasha la choo la kumwaga. Yeye anapika na kunikosoa. Kusimama kwenye usukani mwendo mrefu hakuweza tena, kwa hiyo tukisafiri tuliunganisha boti mbili, mimi naendesha, yeye ameketi kwenye kigoda sitahani, amejifunika blanketi, anaelekeza kwa kidole kimoja tu. Kidole kikienda kushoto, nami naenda kushoto.

Asubuhi moja ya Septemba nilikuwa bado kitandani niliposikia boti yangu ikiinama kidogo upande wa kushoto, kama inavyoinama mtu akikanyaga ukingo wake. Nilichungulia dirishani. Thora alikuwa amevuka kutoka boti yake hadi yangu bila fimbo, mkono mmoja umeshika reli ya paa, mwingine umebeba sahani ya chapati za shayiri zenye jibini, mvuke ukipanda.

"Fungua mlango," alisema. "Zinapoa."