Vidole Vyangu na Dawa za Kila Mtu

Asubuhi ya kwanza nilidhani nimelalia mikono. Niliamka kabla ya adhana kama kawaida yangu, nikajaribu kufungua kifuniko cha ndoo ya unga, vidole vikakataa. Havikuuma sana. Vilikuwa vigumu tu, vimevimba kwenye viungo, havinisikii. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani, nikaviangalia na kungoja vizinduke.

Nina hoteli ndogo hapa Garsen, karibu na pale mabasi ya Lamu, Hola na Malindi yanaposimama ili abiria wapate chai. Napika chapati, mahamri na mbaazi za nazi, basi. Chapati ndizo zinazonilisha, na unga naukanda mwenyewe kwa sababu sijampata mtu anayeukanda nikaridhika. Siku ile wateja walikuta chai na mkate wa dukani. Kijana mmoja wa bodaboda aliyezoea kula kwangu akaniuliza, "Mathe, leo chapo zimeenda wapi?" Nikamwambia zimelala. Akacheka, nami nikacheka, maana kufika saa nne vidole vilikuwa vimelainika na nikaona ni jambo lililopita.

Kesho yake vilikuwa vilevile. Na kesho kutwa. Nikaanza kuamka mapema zaidi ili nivipe muda, kama mtu anayemsubiri mgonjwa avae.

Mama yangu anakaa Golbanti, analima mpunga na ndizi kando ya mto. Alipopata habari alikuja na furushi la majani ya mkwaju kichwani. Hata hakukaa. Alinishika mikono, akaigeuza, akasema, "Hii ni baridi yabisi. Unatoka kwenye moto, mikono inachemka, unaitia kwenye maji baridi. Nilikukataza tangu ukiwa msichana."

Sikumbuki kukatazwa. Lakini sikubisha. Aliyachemsha yale majani na chumvi, akaniambia nitumbukize mikono maji yakiwa ya moto kiasi cha kuvumilika. Nilikaa hapo hadi yakapoa. Kweli, siku ile ugumu uliondoka mapema. Nilifurahi nikamwambia, naye akaitikia bila kushangaa.

Alipoondoka nilifanya jambo ambalo sikumwambia. Nilichemsha maji matupu, bila majani, bila chumvi, nikatumbukiza mikono vilevile. Ugumu ukaondoka vilevile. Siku iliyofuata nikarudia majani, nikaona yamenisaidia kuliko maji matupu. Nikarudia maji matupu, nikaona hakuna tofauti. Mwisho sikujua tena napima dawa au napima nilivyolala.

Kila asubuhi huja mama mmoja Muorma kuniletea maziwa. Tumejuana miaka mingi, yeye na mitungi yake, mimi na chai yangu. Aliponiona nashika sufuria kwa viganja badala ya vidole, aliweka mitungi chini akauchukua mkono wangu bila kuomba.

"Nani amesema hii ni baridi ya jiko?" akauliza.

"Mama."

"Hapana. Hii ni maji ya mto. Wakati ya mafuriko wewe ulisimama ndani ya maji, ukabeba vitu ya mama yako. Maji ikaingia kwa mfupa, ikakaa."

Ni kweli nilisimama kwenye maji. Mto ulipofurika nilikwenda Golbanti kumsaidia Mama kutoa magunia na kuku, na maji yalinifika kiunoni. Lakini Mama alisimama palepale, na mikono yake ni mizima. Nikamwambia hivyo.

Akafikiri kidogo. "Mama yako ni mtu wa mto," akasema. "Wewe ni mtu wa hoteli."

Aliniletea samli kuukuu kwenye chupa, yenye rangi ya kahawia na harufu ya moshi. Aliipasha moto, tukakaa kwenye benchi, akanisugua kidole kimoja kimoja kutoka kwenye kucha hadi kwenye kifundo. Alipokuwa akisugua nilitamani kumnyang'anya mkono wangu. Alipomaliza, nilihisi wepesi ambao nilikuwa nimeusahau. Lakini samli ileile nikijisugua mwenyewe jioni, sikupata nusu ya ule wepesi. Nikajiuliza kama dawa ni samli, au ni ile mikono yake, au ni kule kukaa tu kwenye benchi wakati ambao siku zote nimesimama.

Hoteli ni mahali pabaya pa kuugulia. Kila anayekaa anakuona. Mzee mmoja muuza samaki kutoka Kipini, msemaji mzuri, aliweka kikombe akanitazama. "Mwanangu, chukua mchanga mkavu, uupashe kwenye karai, uufunge kitambaani, ujikande nao. Na mbegu za habasoda kwa asali kila ukiamka. Usiidharau habasoda." Mwalimu mmoja akaniambia niache nyama nyekundu. Mke wa jirani akaniambia ninywe supu ya makongoro kila siku, maana mguu wa ng'ombe ndio unaojenga kiungo cha mtu. Nikamuuliza kama makongoro si nyama nyekundu. Akasema ni miguu.

Nilifanya yote kwa pamoja. Nilikunywa habasoda, nikajikanda mchanga, nikaloweka mikono kwenye mkwaju, nikasuguliwa samli, nikaacha nyama na kunywa supu ya nyama. Juma moja vidole vilikuwa vyepesi hata nikaimba. Juma lililofuata, nikifanya yaleyale, vikavimba nikashindwa kufunga kitufe. Kila aliyenipa dawa alihesabu juma zuri kuwa lake, na juma baya kuwa la mwenzake.

Ndipo akaja mwenye unga wa dawa.

Alikuwa akija siku za soko na pikipiki iliyofungwa kipaza sauti. Sauti yake ilikuwa imerekodiwa, ikitaja maradhi moja baada ya jingine, na hata alipokuwa kwangu akila mbaazi, sauti iliendelea kuuza huko nje. Aliona mikono yangu, akatoa kikopo kidogo cha plastiki. "Ni mizizi tupu, mama. Kijiko cha chai asubuhi, kijiko jioni. Usiponiamini, nisubiri soko lijalo uje unitukane."

Sikumtukana. Asubuhi ya pili niliamka nikafungua ndoo ya unga kabla sijakumbuka kuwa nina mikono mibovu. Nilikanda, nikakata madonge, nikasukuma chapati hadi jua likatoka, na hakuna kilichouma. Nililia kidogo pale kwenye kibao, peke yangu. Muuza maziwa alipokuja akashika vidole vyangu akasema, "Umeona samli?" Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Nikajiambia nimepona. Kila kikopo kilipokaribia kwisha nilinunua kingine, na hamu ya kula ikarudi kwa nguvu, na watu wakaniambia nimenawiri.

Mama hakusema nimenawiri. Alishuka kwenye pikipiki siku moja akanitazama kwa muda mrefu.

"Uso wako una nini?"

"Nimenenepa, Mama."

"Mikono imekonda. Uso umekuwa kama mwezi. Mtu hanenepi uso peke yake." Akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, shimo likabaki. Akauliza nakunywa nini. Nilipomwonyesha kikopo alinusa, akaonja ncha ya ulimi, akatema. "Mizizi ninaijua," akasema. "Hii siijui."

Tulikwenda hospitali pamoja. Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole, aliyenisikiliza bila kutazama saa. Alipima presha, ilikuwa juu. Akauliza kuhusu ule unga kwa namna ambayo haikunifanya nijione mjinga. Akasema hawezi kujua kilichomo kwa kukitazama, lakini ameona wagonjwa wengine wenye uso kama wangu, na anashuku unga umechanganywa na dawa kali ya hospitali, ile inayozima uvimbe upesi lakini ikitumika ovyo inaharibu mengine.

"Basi naitupa leo," nikasema.

"Usiiache ghafla. Mwili wako umeshaizoea, unaweza kuzimia. Tutapunguza polepole, mimi nikiangalia."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Nilikuwa nimekuja kuambiwa niache, na naambiwa ni hatari kuacha. Nikamuuliza kuhusu vingine vyote, mkwaju, samli, mchanga, habasoda, ili angalau nijue kipi ni kweli.

"Joto linasaidia ule ugumu wa asubuhi, endelea nalo. Mchanga angalia tu usijiunguze. Kusuguliwa ni sawa, ila siku viungo vimevimba na vina moto, asiviguse kwa nguvu. Habasoda sina ugomvi nayo, mradi uniambie unachokunywa. Lakini hivyo vinatuliza maumivu, mama. Ugonjwa wenyewe unaendelea kula viungo huku wewe umetulia."

"Na majani ya mkwaju, au maji tu?" Nilimwangalia Mama pembeni nilipouliza.

Daktari naye alimwangalia Mama. "Maji ya mkwaju pia ni ya moto," akasema.

Damu ilipimwa, majibu yakachukua muda. Nikapewa vidonge nikaambiwa nisitegemee kuona kitu mapema, nivumilie, nirudi kila nitakapoitwa. Na unga ulivyopungua, maumivu yakarudi na hasira. Magoti nayo yakajiunga. Siku nyingine sikuweza kuinua birika. Nilikuwa na dawa iliyonifaa ambayo sitakiwi kuinywa, na dawa ninayotakiwa kuinywa ambayo sioni inachofanya. Nilimwambia Mama hivyo nikilia. Aliingia jikoni akafunga kanga kiunoni, akaanza kukanda.

Chapati za Mama ni nene. Kijana wa bodaboda aliuliza kama ni chapo au godoro. Lakini aliendelea kuja, na wengine pia, na Mama akakaa kwangu msimu mzima akimwachia dada yangu shamba. Muuza maziwa naye hakuacha kunisugua, kwa mkono mwepesi sasa. Wao wawili, ambao zamani hawakupita salamu kwa sababu ya ng'ombe wa mmoja walioingia shamba la mwenzake na maneno yaliyofuata, wakawa wanakaa benchi moja wakinijadili kana kwamba sipo.

Polepole asubuhi zikaanza kufupika. Ugumu uliokuwa ukiisha saa nne ukawa unaisha saa tatu, halafu jua likichomoza tu. Uso ukarudi kuwa wangu. Daktari alifurahi, akasema ni vidonge. Mama akasema ni kwa kuwa nimeachana na maji baridi. Muuza maziwa akasema kiangazi kimekausha maji ya mto ndani ya mfupa. Namwamini daktari, na vidonge sijaviruka. Lakini msimu ule mikono yangu ilipumzika kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikalishwa, nikasuguliwa, na mvua haikunyesha. Nikiulizwa ni kipi kilichofanya kazi, nasema vidonge, na ndani yangu najisikia kama mtu anayejibu swali kubwa kuliko alilosomea.

Juzi waliingia mama na binti kutoka Bangale, wakisubiri basi la Malindi. Mama mtu alikuwa mzee, ameshika kikombe kwa vifundo vya mikono kwa sababu vidole vimepinda vyote upande mmoja. Binti alitazama vidole vyangu, ambavyo viwili navyo vimebaki na kombo.

"Dada, wewe pia ulikuwa nayo. Ulitumia nini?"

Nikakaa, nikamweleza kila kitu kwa utaratibu, na nilitilia mkazo hospitali. Alisikiliza vizuri. Nilipomaliza akauliza, "Ile ya unga, ilichukua muda gani?"

"Haraka. Lakini nimekwambia ilivyonifanya. Uso, presha."

"Na ya hospitali?"

"Miezi. Na kurudi kupimwa damu kila mara."

"Kutoka kwetu mpaka hospitali yenye kipimo hicho, mvua ikinyesha hakuna gari." Alisema bila kulalamika. "Mama hawezi kujifunga nguo yake. Uso ukivimba, si atakuwa amejifunga nguo?"

Nilitaka kumjibu, nikakuta maneno niliyokuwa nayo yote ni ya mtu anayeishi karibu na hospitali. Nikamwambia asimpe ule unga. Nikamwambia tena. Kisha nikamwachia Mama yangu, aliyekuwa kwangu siku ile, chuma cha chapati, nikawapeleka mwenyewe hadi hospitali, nikawakalisha kwenye foleni, ingawa nilijua basi lao halitasubiri, na binti naye alijua.

Nilipokuwa naaga, yule mzee alinyoosha mkono akaushika wangu. Alibonyeza kiungo kimoja baada ya kingine kwa vidole vyake vilivyopinda, akasema neno kwa lugha yao.

"Anauliza kama bado inauma," binti akasema.

"Kidogo," nikajibu. "Asubuhi."

Binti akamtafsiria. Mzee akatikisa kichwa, akaendelea kunishika mkono hadi walipoitwa.