Kadi ya Kalvati

Ile meza niliitengeneza mimi. Futi kumi na sita kwa nne, saipresi tupu, na hakuna msumari unaoonekana. Nalisema mapema ili mtu asifikiri nilikuwa pale kufagia.

Shule nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Karakana niliyo nayo na nyumba ya mawe ni mikono yangu hii. Lakini kabla ya mbao nilikuwa mtu wa gangi, kikosi cha kutunza reli, upande wa Makueni. Kila asubuhi natembea maili nne kwenda na nne kurudi, spana begani, nakaza bolti na kuangalia njia.

Asubuhi moja baada ya mvua nikakuta maji yamekula udongo wa kalvati, lile daraja dogo la kupitishia maji, na reli inaning'inia hewani. Nikasimika bendera nyekundu, nikakimbia mpaka stesheni. Nikamwambia karani, "Zuia treni, kalvati imekwenda." Akasema amesikia. Treni ya mizigo ikaachiliwa. Bendera yangu ilikuwa kwenye kona; dereva alipoiona alikuwa ameshafika. Mabehewa manne yalilala korongoni, na fayamani, msaidizi wa dereva, akapoteza mguu. Huyo fayamani alikuwa mtu wa Mutomo kama mimi, wa kanisa langu.

Kwenye kesi mkaguzi wa reli aliuliza swali moja tu: "Iliandikwa kwenye kitabu cha stesheni?" Haikuandikwa. Karani alikuwa na kalamu, mimi nilikuwa na mdomo. Nikafukuzwa. Fayamani aliamini karatasi. Tangu siku ile hakunipa mkono, hata Jumapili mlangoni pa kanisa. Na sokoni walinifanya mzaha. Mtu anapima kitanda nilichotengeneza, anauliza, "Fundi, hiki hakitaanguka kama treni?" Wanacheka. Nami nauza.

Ikapita miaka ishirini hivi. Mkaguzi akastaafu, akajenga katika mji mmoja kwenye barabara ya Mombasa, akaniita nimtengenezee meza. Hakunijua. Mimi nilimjua kabla hajashuka kwenye gari.

Meza ilikuwa ya vitreni vya umeme alivyoleta kutoka ng'ambo, kichwa cha treni urefu wa kidole. Kila Jumamosi mchana walikuja mwalimu mmoja wa sekondari na mwenye duka la hadiwea, kila mmoja anapewa stesheni yake, na treni zinakwenda kwa ratiba. Mimi nilikuwa bado namalizia droo za meza. Nikaangalia Jumamosi mbili. Ya tatu nikashindwa kunyamaza.

"Hii ni reli gani haina shida?"

Mzee mkaguzi akanigeukia. "Na wewe fundi unajua nini ya reli?"

"Najua kidogo."

"Haya, lete shida."

Nikakata vipande vya mbao nyembamba, nikaviandika. Kuandika nilijifunza ngumbaru nikiwa na ndevu, sababu ya kile kitabu cha stesheni. Mbuzi wamelala kwenye reli. Tangi la maji limekauka. Ekseli ya behewa imeshika moto. Kila baada ya muda mtu anachomoa kadi, na lazima aitii. Walifurahi kama watoto.

"Mbuzi tena!" mwenye hadiwea akapiga kelele. "Fundi, hawa ni wa kwenu?"

"Wa kwetu wana akili. Hawa ni wa Matinyani."

Kadi ya mwisho nilikaa nayo mwezi mzima. Halafu nikaileta, nikaomba mimi mwenyewe niwe mtu wa gangi. Mzee alikuwa ameshika stesheni. Nyuma ya kilima cha gunia na saruji, mahali asipoona, nilikuwa nimetoa kipande cha mbao chini ya reli.

"Bwana stesheni, kalvati imeliwa na maji. Zuia treni."

Akatabasamu. "Umeandika?"

"Nimekuambia kwa mdomo."

"Hapa tunafuata sheria, mzee. Mdomo si kitabu." Akaiachilia.

Ilizunguka kilima, ikaanguka sakafuni, mabehewa yote. Mwalimu akapiga makofi. "Sasa hii ndiyo reli!" Mzee alicheka mpaka machozi. "Mtu wa gangi afukuzwe!"

Nikamwambia, "Nilishafukuzwa. Na ni wewe ulinifukuza."

Nikamtajia stesheni. Nikamtajia mguu. Akavua miwani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Walikuwa na daftari la mchezo, kila Jumamosi yanaandikwa yaliyotokea. Nikalisukuma mbele yake. "Andika." Akaandika, nami nikasoma herufi moja moja: Mtu wa gangi alitoa habari kwa mdomo. Stesheni iliachilia treni. Chini akaweka sahihi.

"Sasa niandikie hivyo hivyo kwenye barua," nikasema. "Ile siku ya kweli. Fayamani bado yuko hai. Nataka aisome."

Akafunika kalamu. Wenzake walikuwa wanaokota mabehewa.

"Fundi, huu ni mchezo. Ile ilikuwa kazi."

"Kalamu si hiyo hiyo?"

Akafunga daftari. Nikakusanya randa na patasi zangu, nikaondoka. Droo moja haina kishikio mpaka leo.

Basi katika nchi hii kuna kitabu kimoja tu kinachosema nilitoa habari, na ni kitabu cha vitu vya kuchezea. Mwalimu aliniambia kadi ile bado wanaichomoa, na ndiyo wanayoipenda kuliko zote.

Fayamani alikufa kiangazi kilichofuata. Nilikuwa na mbao nzuri, kavu, nilizoziweka kando bila kumwambia mtu. Watoto wake walipita mbele ya karakana yangu, wakaenda kuagiza jeneza kwa fundi mwingine.